Butabika, rihabu ya binafsi au kliniki ya karibu? Namna ya kumchagulia mraibu tiba nchini Uganda

Ukoo ukishakubaliana kwamba kijana wao amezama kwenye waragi au bangi, kikao hugeukia mahali. Tumpeleke Butabika, hospitali ya akili ya taifa, tuchange tumwingize rihabu ya binafsi, yaani kituo cha kurekebishia waraibu, au tumwachie mchungaji amwombee kwanza? Shangazi ana jibu lake, mjomba ana lake, na jirani anamjua mtu aliyepona huko Entebbe. Mimi nasema mahali paje baadaye. Yapo maswali mawili ya kutangulia. Anatumia nini, na akikiacha ghafla mwili wake utafanyaje? Halafu, je, kuna ugonjwa mwingine wa akili, kama sonona au kusikia sauti, unaoandamana na kileo hicho? Mkishayajibu hayo, nusu ya mahali mlipokuwa mkibishania panajiondoa penyewe.

Kabla ya hapo, niondoe kisingizio kimoja kinachochelewesha vikao vingi: "Anakunywa kama watu wengine." Utafiti wa taifa wa mwaka 2014 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uliwapima watu wazima 3,956 nchini Uganda. Waliokuwa wanakunywa walikuwa asilimia 26.8. Waliofikia kiwango cha kuhesabiwa kuwa na ugonjwa unaotokana na pombe walikuwa asilimia 9.8 ya wote. Maana yake watu wengi hawanywi kabisa, ila miongoni mwa wanaokunywa, zaidi ya theluthi wameshaingia matatani. Kwa hiyo "watu wengine" hao wanaosingiziwa, wengi wao wanakunywa chai.

Kikombe cha asubuhi

Pombe ndiyo inayodharauliwa kwa sababu ni halali, na ndiyo hiyo inayoweza kuua pale mtu anapoiacha. Mwangalie mnywaji wa kila siku saa moja asubuhi, kabla hajagusa kitu. Mpe chai. Kikombe kinagonga meno. Anakishika kwa mikono miwili na bado chai inamwagikia kifuani. Jasho linamtoka na hali ya hewa ni baridi. Akipata toti ya kwanza ya waragi, mikono inatulia, anaanza hata kutania watu. Mtu wa namna hiyo msimfungie chumbani "mpaka imtoke". Mwili wake umeshajipanga kuishi na pombe, ukinyimwa ghafla unalipuka.

Mlipuko huo una ratiba. Tetemeko huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Kifafa, kikija, huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne ndipo wengine hupatwa na kuchanganyikiwa kukali: homa, moyo kwenda mbio, maruweruwe ya wadudu ukutani, kutomtambua hata mama mzazi. Bila tiba hali hiyo inaua. Yenye tiba hupita, kwa diazepamu inayopunguzwa siku hadi siku chini ya uangalizi, maji ya kutosha, na sindano za vitamini B1, yaani thiamini. Thiamini si pambo. Mlevi sugu aliyekaa wiki bila kula vizuri akitundikiwa dripu ya glukosi pasipo kupewa thiamini, ubongo wake unaweza kuharibika na usirudi tena. Ukitaka kujua haraka kama mahali panajua kazi yake, uliza tu: "Thiamini mnayo, na mnaitoa lini?"

Aliyewahi kuanguka kifafa au kuona maruweruwe alipojaribu kuacha zamani, aanzie hospitalini. Hapo sina mjadala. Hali kadhalika aliyezoea vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu kwa miezi mingi. Navyo haviachwi kwa mkupuo.

Bangi na mairungi, yaani miraa, havina dhoruba hiyo. Anayeacha bangi hukosa usingizi, huwa mkali, chakula hakimshuki, na baada ya wiki mbili tatu hutengemaa. Anayeacha mairungi hulala sana na kuwa mnyonge. Hayo yanawezekana nyumbani, penye mtu mvumilivu. Heroini iko katikati: arosto yake ni mateso makubwa, mifupa kuuma, kuhara, kutapika, machozi na mafua yasiyokatika kwa siku tano hadi saba, lakini mtu mzima mwenye afya akinyweshwa maji ya kutosha ni nadra afe nayo. Kifo cha heroini hungoja mbele. Mwili uliopumzika wiki kadhaa hauhimili tena dozi ya zamani, na mtu akirudia kipimo kilekile alichokizoea, pumzi inakatika.

Kilichotangulia ni sonona au ni pombe?

Ndugu wengi huja na jibu tayari: "Anakunywa kwa sababu ana mawazo." Wengine: "Mawazo yameletwa na pombe." Kumbe jibu mara nyingi hupatikana kwa kusubiri. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1988 uliwafuata wanaume 191 waliolazwa kwa uraibu wa pombe. Siku mbili za mwanzo, asilimia 42 walikuwa na dalili nzito za sonona. Walipofika wiki ya nne bila kunywa, waliobaki nazo walikuwa asilimia 6 tu. Pombe yenyewe ilikuwa imewatia giza, na ilipotoka giza likapungua.

Funzo lake kwa anayechagua ni hili: mahali panapomtia mtu kwenye vidonge vya sonona siku ya kwanza, bila kuuliza historia, pana haraka ya mashaka. Na mahali pasipompima tena wiki ya nne pia pana kasoro, maana wale asilimia 6 wapo, na bila tiba ya sonona watarudi kwenye chupa. Daktari mzuri atauliza: je, aliwahi kuwa hivi kabla hajaanza kunywa? Kuna miezi aliyokaa bila pombe na huzuni ikabaki palepale? Katika ukoo yupo mwingine? Lakini anayetaja kujiua hasubirishwi wiki nne wala siku nne. Huyo apelekwe siku hiyohiyo.

Bangi ina hadithi yake. Nchini Sweden, vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini walifuatiliwa kwa miaka 15, na matokeo yakachapishwa 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kufikia umri wa miaka 18 walikuwa na uwezekano mara sita wa kupata skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, kuliko wasiovuta. Mwaka 2019 utafiti wa miji kadhaa ya Ulaya na Brazili ukaonyesha kuwa wavutaji wa kila siku wana uwezekano mara tatu hivi wa kupata ugonjwa wa kusikia sauti na kushuku watu. Wavutaji wengi hawaugui, ni kweli, na hili ndilo kila mvutaji hukwambia. Ila kijana aliyeanza kusema redio inamtaja jina, au kwamba mama amemwekea sumu kwenye ugali, hahitaji kwanza mshauri wa uraibu. Anahitaji daktari wa akili na dawa, na ushauri ufuate akishatulia.

Kwa wenzetu wa kaskazini waliopitia vita, na wakimbizi kutoka Kongo walioko Nakivale na Kyangwali, mara nyingi pombe ni dawa ya usiku: bila hiyo ndoto haziishi. Ukimwondolea pombe bila kugusa ndoto, umemnyang'anya blanketi. Hapa Uganda ina cha kujivunia. Jaribio lililochapishwa 2003 kutoka vijiji 30 vya Rakai na Masaka lilionyesha kuwa vikundi vya mazungumzo vya wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, vilishusha sonona kwa kiasi kikubwa. Hawakuwa madaktari. Uliza kama kuna kikundi cha aina hiyo karibu nawe kabla hujauza kiwanja.

Butabika na rihabu ya binafsi, ana kwa ana

Ukisema mtaani Kampala kwamba fulani yuko Butabika, watu wanacheka. Ukisema yuko rihabu, wanakuuliza bei. Aibu hiyo imewafanya watu wachague vibaya kuliko umaskini ulivyowafanya.

Butabika ilifunguliwa 1955, mashariki mwa Kampala upande wa ziwa, na ndiyo hospitali ya rufaa ya taifa ya magonjwa ya akili. Ina kitengo maalumu cha pombe na dawa za kulevya. Ina madaktari wa akili, wauguzi wa zamu ya usiku, maabara na dawa. Ada katika wodi za kawaida za hospitali za serikali ziliondolewa 2001. Upande wa kulipia nao upo kwa anayetaka. Mgonjwa mwenye mchanganyiko, wa kileo pamoja na ugonjwa wa akili, hapati mahali palipozoea hali yake kuliko hapo. Ubaya wake hauhitaji mpelelezi: ilipangiwa vitanda 550 na wagonjwa huzidi idadi hiyo. Pakijaa, anayetulia hurudishwa nyumbani mapema, na mazungumzo marefu ya mtu mmoja na mshauri wake huwa haba. Familia ijiandae kwenda mara kwa mara, kupeleka sabuni na nguo, na kuuliza maswali, kwa sababu mgonjwa asiyeuliziwa husahaulika kirahisi penye msongamano.

Rihabu ya binafsi inauza kile Butabika isichokuwa nacho: muda na utulivu. Miezi mitatu, ratiba ya siku, vikundi asubuhi na jioni, kazi za mikono, mshauri anayekujua kwa jina. Kwa mnywaji ambaye mwili umeshatulia na hana ugonjwa mwingine wa akili, mazingira hayo yanasaidia kweli. Tatizo ni kwamba neno hilohilo limebandikwa kwenye geti la kituo chenye daktari na kwenye geti la nyumba ya kupanga yenye ukuta mrefu, mpishi na mtu mmoja aliyewahi kuacha pombe. Aliyewahi kuacha ana thamani kubwa, anayajua maneno yasiyofundishwa chuoni. Ila saa nane usiku mtu akianguka kifafa, ushuhuda haumsaidii.

Sitapendekeza kituo kwa jina, maana wafanyakazi huhama na kituo kizuri mwaka huu mwakani huwa kingine. Nendeni wenyewe, bila mgonjwa, na ombeni kuona kabati la dawa. Ndiyo, kabati. Kituo cha kweli kina kabati lenye kufuli, na pembeni yake daftari: jina la mgonjwa, dawa, kipimo, saa, saini ya aliyetoa. Fungua ukurasa wa jana. Kama saini za usiku zipo na miandiko inatofautiana kwa zamu, kuna mtu anayekesha. Kama miandiko yote ni mmoja na kalamu ni moja toka Jumatatu hadi Jumapili, daftari limejazwa kwa ajili yenu. Na kama mkifunguliwa mnakuta panadoli, chupa ya dawa ya kikohozi na mafuta ya mgando, muwashukuru kwa chai na muondoke.

Ulizeni pia daktari wa akili huja siku gani (jibu la "tunampigia akihitajika" maana yake haji). Mwenye virusi vya UKIMWI au kifua kikuu ataendelea kumeza dawa zake saa zilezile? Mtaruhusiwa kuzungumza na ndugu yenu faragha? Bei imeandikwa, na ndani yake kuna dawa na vipimo au hivyo vinakuja baadaye kama bili ya pili? Bei ya mwezi mara nyingi huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, kwa hiyo msione haya kuuliza.

Kuna jambo lingine linafanyika na watu hulinyamazia: gari linakuja usiku, vijana wanne wenye misuli wanambeba mtu akipiga kelele, familia imeshalipa. Wanaita kumchukua. Mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja 2012 kutaka vituo vya kuwafungia waraibu kwa lazima vifungwe, kwa sababu za haki na kwa sababu hakuna ushahidi kuwa vinaponya. Uganda yenyewe ina Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, na kumlaza mtu bila hiari yake kuna utaratibu unaopitia kwa wataalamu wa afya, si kwa mabaunsa. Mtu aliyeibwa kitandani kwake hukaa miezi mitatu akihesabu siku za kutoka, na chuki yake ni kwenu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mwenye tetemeko kali, kifafa, maruweruwe au fikra za kujiua: Butabika, au kitengo cha akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, bila kujali uwezo wa familia. Mwenye mwili uliotulia, anayetaka mwenyewe, ambaye nyumbani hapakaliki: rihabu nzuri, mkiipata na mkiimudu. Kwa familia yenye fedha za miezi mitatu tu, ni bora wiki chache za hospitali halafu mwaka mzima wa kliniki, kuliko kuzimaliza zote ndani ya ukuta na siku ya kutoka pasiwe na hata nauli ya kumwona mshauri.

Si lazima alazwe

Hili halisemwi sana kwa sababu halina mtu wa kulitangaza: wengi wenye tatizo la pombe wanaweza kutibiwa wakiishi kwao. Kipo kipimo cha Shirika la Afya Duniani kiitwacho AUDIT, maswali kumi, alama kutoka 0 hadi 40. Kuanzia 8 ni unywaji wa hatari. Kuanzia 20 huenda mtu ameshakuwa mtegemezi. Aliye kati ya hapo, anayekwenda kazini, anayelala kwake, asiyewahi kuanguka kifafa, aanze na kliniki ya kwenda na kurudi.

Nguvu yake si ndogo. Huko Goa, India, jaribio lililochapishwa 2017 lilichukua wanaume 377 wanaokunywa kwa madhara. Nusu walipata huduma ya kawaida ya zahanati, nusu wakaongezewa vikao vichache na washauri wasio na shahada za afya. Baada ya miezi mitatu, walioacha unywaji wa hatari walikuwa asilimia 36 kwa waliozungumziwa, na 26 kwa wengine. Vikao vichache tu, kwenye zahanati ya kawaida. Na Marekani, utafiti mkubwa wa watu 1,726 uliotolewa 1997 ulilinganisha njia tatu tofauti za ushauri, ukakuta zinakaribiana sana kwa matokeo. Kwa hiyo msisumbuke na jina la njia. Angalieni kama mgonjwa anamwamini anayeongea naye na kama anarudi.

Mbarara, Gulu, Arua, Mbale, Soroti, Lira, Jinja, Masaka, Fort Portal, Kabale, zote zina hospitali za rufaa zenye huduma ya akili, na mara nyingi utakayemkuta ni ofisa wa kliniki wa magonjwa ya akili, siyo daktari bingwa. Msimdharau. Mabingwa ni wachache mno nchini, na ofisa huyu amewaona wanywaji wengi kuliko mtu yeyote mjini hapo. Kikwazo ni nauli na dawa kukatika. Na lugha. Tiba hii ni maneno, na mtu hawezi kueleza aibu yake kwa lugha ya kuazima. Mkimbizi wa Kongo aliyeko Nakivale akienda Mbarara, atakaribishwa kwa Kinyankole. Kule Arua, Bombo au Busia Kiswahili hakimshangazi mtu. Ombeni mtoa huduma anayekisema tangu siku ya kwanza; mtoto wa mgonjwa asifanywe mkalimani wa siri za baba yake.

Heroini: methadoni au kuacha kavu?

Hapa sitauma maneno. Kwa mtumiaji wa heroini wa muda mrefu, tiba ya methadoni au buprenofini, dawa zinazoshika nafasi ya heroini mwilini kwa kipimo kinachodhibitiwa, ndiyo yenye ushahidi mzito wa kupunguza vifo. Tanzania ilianza katika hospitali ya Muhimbili 2011, Kenya ikafuata 2014, na Uganda ikafungua kliniki yake Butabika 2020. Kuacha kavu ndani ya rihabu, bila dawa ya kuendelea nayo, kunamtoa mtu akiwa msafi na akiwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa akirudia mara moja tu.

Wazee husema, "Si mmembadilishia uraibu kwa uraibu mwingine?" Mwangalieni mwenyewe baada ya miezi miwili. Anameza kipimo kimoja kinachojulikana, asubuhi, mbele ya muuguzi. Hasinzii, haibi simu, hachomi sindano, anakwenda kazini. Ubaya ni huohuo wa kila siku: angalau mwanzoni lazima afike kliniki kila asubuhi, Jumapili ikiwamo. Anayetoka mbali hatafanikiwa kwa nauli. Chumba cha kupanga upande wa Mutungo au Luzira kwa miezi ya mwanzo huenda kikawa na gharama ndogo kuliko mwezi mmoja wa rihabu, na kinamweka karibu na dozi yake.

Methadoni ni ya heroini na jamii yake tu. Kwa bangi, mairungi au kokeini hakuna kidonge cha namna hiyo, na anayewauzia basi anawauzia kitu kingine. Vivyo hivyo unga wa kumtilia mnywaji kwenye mchuzi kwa siri ili aichukie pombe. Ipo dawa halali inayofanya pombe imkatae mtu, disulfiramu, lakini hupewa anayejua na aliyekubali, baada ya kupimwa. Akiinywa bila kujua halafu akabugia waragi, presha inaweza kuanguka na moyo ukasumbuka vibaya.

Vikundi, msikiti, kanisa

Vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous), ambamo wanywaji husaidiana kuacha pombe, ni vya bure na Kampala vipo. Wasomi wengi walivibeza kwa muda mrefu. Uchambuzi wa 2020 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, uliokusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, ulikuta wanaounganishwa na vikundi hivyo kwa mpango walibaki bila pombe mwaka mmoja baadaye kwa asilimia 42, dhidi ya 35 kwa tiba nyingine. Si muujiza, ni tofauti ya watu saba kati ya mia, kwa gharama ya nauli. Mwenye aibu ya kusema mbele za watu ahudhurie mara tatu nne akisikiliza tu.

Dini inatoa kitu kilekile ambacho vikundi hutoa, na pengine zaidi: watu wa kukaa nao jioni, saa ile ambayo miguu ilizoea kwenda baa. Imamu au mchungaji anayefuatilia, anayepiga simu Ijumaa, ni hazina. Mpaka wangu uko kwenye mambo matatu. Pakisemwa aache dawa za akili kwa imani, mwondoeni. Pakiwa na minyororo, mwondoeni. Na mwenye kikombe kinachogonga meno asifungishwe mfungo mkavu wa siku tatu, maana siku hizo tatu ndizo zilezile za kifafa.

Siku anayorudi

Makala ya kitabibu iliyojulikana sana ya mwaka 2000 iliweka kurudia kwa waraibu kwenye asilimia 40 hadi 60, ikakulinganisha na wagonjwa wa presha, kisukari na pumu wanaoacha masharti. Hakuna anayemfukuza nyumbani mwenye presha iliyopanda tena. Pangeni mapema nani atapigiwa simu akirudia, na kliniki gani itampokea wiki hiyohiyo.

Uganda ina ugumu wake hapa, na rihabu chache huugusa. Nyumba nyingi zinazompokea mgonjwa ndizo zinazopika waragi au kuuza malwa, pombe ya nafaka inayonywewa kwa mirija. Mama ndiye anayetunza pipa nyuma ya jiko, na pipa hilo ndilo lililolipa karo. Kijana anatoka wodini, anakuta chungu kimewekwa kati, mirija imesambaa, wajomba wanamsogezea kigoda kwa mapenzi. Serikali ilipiga marufuku pakiti ndogo za pombe kali 2019, lakini chungu cha nyumbani hakina pakiti. Kumwambia mama aache biashara bila kumpa nyingine ni porojo. Kinachowezekana ni kijana akae kwa ndugu mwingine miezi sita ya mwanzo, au pombe iuzwe mbali na kiwanja anacholala, na mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, ajue ili wateja wasimfuate. Mshauri anayepanga kumruhusu mgonjwa amuulize kuhusu pipa kabla ya kuuliza kuhusu imani.

Mnapokwenda kumchukua, msitoke getini bila karatasi yenye majina ya dawa zote na vipimo vyake, tarehe ya kliniki ya kwanza isiyozidi siku saba mbele, na namba ya mtu wa zamu. Anayetoka kwenye heroini bila methadoni, ulizeni kuhusu naloksoni, dawa ya kurudisha pumzi ya aliyezidisha dozi, na nani ndani ya nyumba anajua kuitumia. Dawa za mwezi wa kwanza zinunuliwe au zichukuliwe palepale, kabla hamjapanda taksi.